Kabla Fundi Hajapiga Windows Upya, Muulize Data Zako Ziko Wapi

Leo nasema jambo ambalo baadhi ya mafundi wa huku kwetu hawatalipenda.

Kompyuta ikigoma kuwaka baada ya kupandishwa toleo jipya la Windows, mara nyingi data zako bado zimo mle mle kwenye diski, hazijaguswa. Kinachozimaliza ni ile sentensi tuliyoizoea: "Hii ni Windows tu imekufa, naipiga upya, njoo jioni uchukue." Jioni unaenda, unakuta mashine inawaka vizuri, nyepesi kama mpya. Unatoa elfu ishirini yako, unarudi dukani, unatafuta programu ya mauzo. Haipo. Hesabu ya stoo haipo, oda za wateja hazipo, daftari la madeni halipo.

Msimamo wangu ni huu: kupiga Windows upya kabla ya kutoa data ni sawa na kubomoa duka kwa sababu kitasa kimekwama.

Haya mambo nimeyaona zaidi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Watu walisikia "imekwisha" wakaanza kukimbilia Windows 11, wengine kwa bando la simu usiku, wengine kwa flashi ya fundi. Sasa Windows 11 ina masharti yake. Inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, RAM isiyopungua GB 4, na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Kompyuta nyingi tunazonunua hapa Kayanga na Omurushaka ni za mtumba, na nyingi hazifiki huko. Fundi anajua njia ya kuilazimisha, na mara nyingi inakubali, halafu shida inakuja baadaye kwenye apdeti kubwa. Toleo la 24H2, kwa mfano, linahitaji amri fulani ndani ya prosesa ambazo zile mashine za Core 2 Duo hazina kabisa. Ukilazimisha hapo haiwaki, na hakuna ufundi utakaoiwasha isipokuwa kurudi toleo la nyuma.

Lakini si kila mashine inayogoma imekataa Windows mpya. Nitoe mfano wa Nkwenda, kule Kyerwa.

Mama mmoja ana duka la vitenge na sare za shule. Mauzo yake mengi yanapita WhatsApp: anapiga picha, anaweka stetasi, mteja wa Murongo au Kaisho anatuma hela, mzigo unapanda bodaboda au gari ya abiria. Dukani ana kompyuta tatu. Moja ya mezani, imekaa chini ya kaunta pamoja na maboksi, ndiyo imebeba programu ya mauzo. Laptopu ya kaunta na ile ya stoo zinasoma kutoka kwake. Neno seva lisikutishe. Hiyo ya chini ya kaunta ndiyo seva yake, hata kama inapigwa vumbi na inawekewa kikombe cha chai juu. Ikilala, duka zima limelala.

Jioni moja iliomba kupandishwa toleo, ikaachwa ifanye kazi usiku. Umeme ukakatika katikati. Asubuhi ikawa inaonyesha skrini ya bluu, inajizima, inawaka, skrini ya bluu tena. Mama akanipigia maana mimi ndiye niliyemfungia ule mfumo.

"Mwanangu, mashine imekufa, na fundi yuko hapa ameshika flashi."

"Mama, shikamoo. Mwambie asichomeke chochote. Nakuja."

Nilimkuta fundi bado yupo. Kijana mwerevu, na simlaumu hata kidogo. Yeye aliambiwa "niwashie mashine", na kupiga Windows ndiyo njia ya haraka ya kuwasha mashine. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani yake kuna madeni ya milioni nne na ushee ambayo hayajaandikwa mahali pengine popote.

Tulianza na diski, mashine yenyewe tukaiacha kwanza. Tukachomoa umeme, tukafungua kasha, tukatoa diski, tukaiunganisha na laptopu yangu kwa ule waya wa USB wa kusomea diski za nje. Ikasomeka. Folda ya hifadhidata haikuwa kwenye Documents wala kwenye Desktop, ilikuwa ndani kabisa ya C, kwenye folda iliyofichwa. Hili ulishike: programu nyingi za mauzo hazihifadhi kumbukumbu zako pale unapoweka picha na barua. Fundi akikwambia "nimekuhifadhia Documents zote", anaweza kuwa anasema kweli kabisa na bado umepoteza kila kitu. Tukanakili folda nzima na mafaili yake yote, tukaweka nakala moja kwenye diski ya nje na nyingine kwenye flashi. Dakika arobaini hivi. Hapo ndipo mama alipokaa chini.

Ndipo tukarudi kwenye ugonjwa. Skrini ya bluu ilikuwa imeandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Maana yake ni kwamba Windows imeanza kuamka, ikatafuta diski yake, haikuiona. Diski tumeisoma sasa hivi na ni nzima, kwa hiyo tatizo liko kwenye njia ya kuifikia. Nikaingia kwenye mipangilio ya BIOS, na kitu cha kwanza nilichoangalia ni saa. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka na miaka.

Saa ikirudi nyuma hivyo, ile betri ndogo ya kwenye mazabodi imekufa. Ni duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, hata maduka ya saa wanayo na haizidi elfu chache. Kwenye mashine nyingi za zamani ndiyo inayotunza saa na mipangilio umeme ukiwa haupo. Umeme ulipokatika usiku ule, mashine ikasahau mipangilio yake ikarudi kwenye ile ya kiwandani. Namna ya kusoma diski ikawa RAID, wakati Windows iliwekwa ikiwa AHCI. Tukaweka betri mpya, tukarudisha AHCI, tukarudisha diski, tukawasha. Ikasema inatengua mabadiliko, tusiizime. Saa saba mchana Windows 10 ilikuwa imerudi na kila kitu chake. Toleo jipya lenyewe lilikuwa limesingiziwa.

Yule fundi alisimama akatazama mwanzo mpaka mwisho. Nadhani siku hizi anaangalia saa kwanza.

Sasa ikikutokea wewe, na hakuna mtu wa kumpigia. Kwanza chomoa vyote: flashi, diski ya nje, printa ya risiti, simu iliyokuwa inachajiwa. Kuna mashine inagoma kwa sababu tu inataka kuamka kutoka kwenye flashi iliyosahauliwa. Halafu piga picha maneno yaliyo kwenye skrini, yote, na ile alama ya kosa ya chini. "Imeandika vitu vya Kiingereza" hakumsaidii fundi; picha inamsaidia. Kisha iwashe, na ikianza tu kuonyesha alama ya Windows, izime kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia muda mrefu. Fanya hivyo mara mbili tatu, na Windows yenyewe itafungua ukurasa wa matengenezo. Kama ilikuwa katikati ya kujitengua, kama ile ya Nkwenda, iache imalize kwanza, hata ikichukua saa mbili. Kwenye ule ukurasa kuna sehemu ya kurekebisha uwashaji, kuna sehemu ya kuondoa apdeti ya mwisho, kubwa au ndogo, na kuna kuingia katika hali ya usalama. Jaribu kuondoa apdeti. Jua pia kwamba ukishapandisha toleo, Windows inatunza toleo la zamani kwa siku 10 tu ili uweze kurudi. Baada ya hapo inalifuta. Kwa hiyo mashine iliyoanza visa siku ya tatu usiivumilie mpaka mwisho wa mwezi.

Usichobonyeza ni "Reset this PC". Ina chaguo linaloitwa "Keep my files", na hilo jina limewaponza wengi. Linabakiza picha na nyaraka zako lakini linaondoa programu ulizoweka mwenyewe, na ya mauzo ikiwemo. Hiyo ni hatua ya mwisho kabisa, nakala ikiwa tayari mkononi.

Kama diski inagonga-gonga au inalia ndani, hayo yote acha. Zima. Hapo diski yenyewe inaumwa, na kila ukiwasha unazidi kuiharibu. Kwa hiyo tafuta mtu wa kuokoa data hata ikibidi kwenda Bukoba au Mwanza.

Kuna watakaosema haya ni ya wakubwa, sisi wa huku tupige Windows maisha yaendelee. Ni kinyume. Wakubwa walipopigwa, hawakukimbilia kufuta. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu kwa kompyuta za wateja wake duniani. Kwa saa zetu ilikuwa saa moja na dakika tisa asubuhi, na likaondolewa dakika 78 baadaye. Katika muda huo kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zilianguka, nyingi zikabaki zinajizima na kuwaka bila kufika popote. Ndege zililala viwanjani, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Na dawa iliyotangazwa ilikuwa ipi? Ingia hali ya usalama, futa faili moja bovu, washa tena. Basi. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu mashine nyingi zilibidi kufuatwa moja moja kwa mkono, lakini data za watu zilikuwa salama zinasubiri.

Kilichowatesa zaidi siku ile kinatuhusu moja kwa moja: diski zilizofungwa kwa BitLocker. Hiyo ni kufuli ya Windows inayofanya diski isisomeke na mwizi. Ukitaka kuingia hali ya usalama, au ukitoa diski ukaipeleka kwenye mashine nyingine kama tulivyofanya Nkwenda, inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Huna, huingii. Yule mama alikuwa na bahati kwamba mashine yake ya zamani haikuwa imefungwa. Laptopu mpya zenye Windows 11 nyingi zinajifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, bila wewe kuambiwa kwa sauti. Ufunguo unatunzwa kwenye hiyo akaunti.

Akaunti ya nani? Hapo ndipo penye kazi. Wengi wetu laptopu zetu zilifunguliwa na fundi au na kijana wa dukani, kwa barua pepe yake, "ili twende haraka". Maana yake ufunguo wa duka lako uko kwa mtu ambaye pengine ameshabadilisha hata namba ya simu. Leo, mashine ikiwa nzima, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti iliyo kwenye kompyuta yako, nakili zile tarakimu 48 kwenye karatasi, uziweke pamoja na leseni ya biashara. Ukikuta akaunti si yako, mtafute mwenye nayo kabla hujahitaji msaada wake.

Kwa nyie mnaofanyia kila kitu kwenye simu, msidhani mmepona. Oktoba 2024 simu za Samsung za Galaxy S10 na Note 10 zilianza kujiwasha na kujizima baada ya sasisho la programu yake moja ya ndani, na wengi walibaki na njia moja tu, kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo inafuta vyote. WhatsApp kwenye Android inajitengenezea nakala kila siku saa nane usiku, lakini nakala hiyo inakaa ndani ya simu hiyo hiyo, kwa hiyo simu ikifutwa inaondoka nayo. Ingia kwenye mipangilio ya mazungumzo, washa nakala ya kwenda kwenye akaunti ya Google. Bando litaliwa kidogo. Kubali liliwe.

Nirudi kwa mafundi, maana sipendi kuonekana nawapiga vita. Mimi mwenyewe nakula humo humo. Fundi analipwa mashine ikiwaka. Hakuna anayemlipa kwa saa mbili za kutafuta folda iliyofichwa, kwa hiyo hazitumii. Ukitaka data, inunue. Sema tangu mwanzo: "Nataka data kwanza, mashine baadaye, na kila moja nalipia." Kama kupiga Windows ni elfu ishirini, toa kumi na tano au ishirini nyingine ya kunakili, na usiondoke bila kuona mafaili yamefunguka mbele yako kwenye mashine nyingine. Akikataa, mashine yako irudi nyumbani ikiwa mbovu. Mbovu yenye data ina thamani kuliko nzima tupu. Na usisahau kwamba sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5; siku TRA wakiuliza, "fundi alizifuta" si risiti.

Mtaniuliza, basi tusipandishe kabisa? Hapana, huko siungani na wale wanaosema "kaa na ya zamani, haina shida". Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, na tundu kilimopitia Microsoft walikuwa wameliziba tangu Machi kwa waliokubali apdeti. Pandisha, ila kwa siku unayoichagua wewe. Muuza sare asiguse seva Desemba na Januari. Anayewategemea wakulima asiiguse kuanzia mwezi wa tano, kahawa ikianza kuingia na watu wana hela mkononi. Na isifanywe kwa umeme mtupu. Kagera kwa miaka mingi tulipata umeme kutoka Uganda, nje ya gridi ya taifa, na kukatika katika tumekulia humo. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji, ya mezani iwe na UPS, hata ya mtumba, mradi umeijaribu ikabeba mashine nusu saa.

Wala hakuna fimbo nyuma yako. Windows 10 ya matumizi binafsi, ikiwa toleo la 22H2, inaweza kuandikishwa kuendelea kupata masasisho ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Ni bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao mtandaoni. Usipotaka hivyo, ni dola 30. Angalia kwenye ukurasa wa Windows Update, tangazo lake liko hapo. Huo muda unatosha kununua mashine inayostahili Windows 11 badala ya kuilazimisha hii.

Kama una mashine iliyogoma sasa hivi, andika hapa aina yake, mlifanya nini kabla haijagoma, na maneno ya kwenye skrini neno kwa neno au picha. Zile tarakimu 48 usizibandike hapa.